Dawa ya Shinikizo la Damu Haingoji Msimu

Miongoni mwa maradhi yanayowaondoa wanachama shambani kabla ya wakati, shinikizo la damu lina hila yake: aghalabu halina maumivu. Mtu hupalilia, huchuma kahawa na kuhudhuria mikutano huku mishipa yake ikiumia kimya kimya. Akipimwa mara kadhaa na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi, hupewa vidonge. Huvimeza mwezi mmoja, hujiona mzima, kisha huviacha.

Dawa hizi haziondoi ugonjwa kama dawa ya malaria iondoavyo malaria. Huushikilia tu. Zikiachwa, shinikizo hupanda tena pasipo kubisha hodi, na mwishowe huja kiharusi, ugonjwa wa moyo au kuharibika kwa figo. Kwa hiyo kipimo kizuri zahanati ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi, wala si ruhusa ya kuiacha.

Uchunguzi uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji kimoja cha Hai, wilaya ya wakulima wa kahawa, ulitangazwa mwaka 2000. Katika kila watu 100 wenye shinikizo, wasiotimia 20 walijua hali yao, wapatao 10 walikuwa wakitibiwa, na hata mmoja kamili hakupatikana ambaye shinikizo lake lilikuwa limedhibitiwa.

Wengine huacha dawa kwa sababu ya madhara yake. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu. Wagonjwa wengi hunyamaza, ilhali tabibu akiambiwa angeweza kubadilisha dawa.

Lakini sababu inayovihusu vyama hasa ni fedha. Mkulima hulipwa kwa msimu, dawa hutakiwa kila mwezi. Miezi ya ukata ikifika, mtu humeza leo na kuruka kesho ili vidonge vifike mbali. Chama chenye utaratibu wa akiba chaweza kusaidia bila gharama kubwa: mwanachama aombe kwa hiari yake fedha za dawa za miezi ya ukata zitengwe siku ya malipo, kabla karo na michango ya harusi hazijazigusa. Katibu hana haja ya kuuliza ugonjwa gani. Atumie fomu ile ile ya akiba nyingine, na jina la mwanachama lisitajwe mkutanoni. Mtu aliyeaibishwa mara moja hatarudi dirishani.

Nyumbani, kidonge kifungamanishwe na jambo la kila siku, kwa mfano chai ya asubuhi. Kikisahauliwa na kukumbukwa siku hiyo hiyo, kimezwe. Wakati wa kingine ukiwa umekaribia, kilichosahauliwa kiachwe. Visimezwe viwili kwa pamoja. Na vidonge vikibaki vya wiki moja, ndiyo siku ya kwenda kuchukua vingine, si siku kopo litakapokuwa tupu.