Nyaya za Umeme Baada ya Kubadili Giaboksi

Mtu anayebadili giaboksi ya gari lake kwa mikono yake mwenyewe hudhani kazi imekwisha boliti ya mwisho inapokazwa. Kazi ya nguvu ndiyo iliyokwisha. Zimebaki nyaya chache za umeme, na katika hizo uko mmoja usahauliwao kuliko yote, nao ndio wenye hatari kubwa.

Injini na giaboksi hukaa juu ya mipira ili mtetemeko usiwafikie wasafiri, na mpira haupitishi umeme. Kwa sababu hiyo, katika magari mengi hufungwa ukanda wa waya mnene uliosukwa, kutoka kwenye giaboksi au injini mpaka kwenye bodi, ili umeme uliokwisha kuzungusha stata upate njia ya kurudi katika betri. Taa kubwa moja ya mbele huvuta ampea 5 hivi. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 na zaidi. Ukanda huo ukiachwa ukining'inia, umeme wote huo hutafuta njia nyingine, mathalan kebo ya klachi au kebo ya mafuta. Kebo hizo hazikufanywa kwa kazi hiyo. Hupata moto upesi, plastiki yake huyeyuka, na gari laweza kuwaka moto.

Dalili yake ni stata kuzunguka kwa uvivu au kugonga tu bila kuzunguka, ijapokuwa betri ni nzima. Wengi hukimbilia kununua betri mpya, na fedha zao hupotea bure. Yafaa kwanza kutazama ukanda. Mahali unapofungwa pasuguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, kwani rangi na kutu huuzuia umeme.

Swichi ya taa za kurudi nyuma kwa kawaida ina nyaya mbili, na katika gari la gia za mkono haidhuru upi uanze. Plagi yake isipochomekwa, gari litakwenda vizuri, lakini mtoto achezaye nyuma yake hataona taa ya kumwonya.

Magari yanayojibadili gia yenyewe, ambayo mengi huletwa Kenya kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yana swichi nyingine inayoizuia stata isifanye kazi ila mkono wa gia ukiwa kwenye P au N. Pengine plagi ya giaboksi iliyonunuliwa hailingani na ya gari, na fundi mwenye haraka hukata nyaya na kuziunga pamoja ili gari liwake. Tendo hilo ni baya sana. Gari hilo laweza kuwashwa likiwa katika gia, likaruka mbele na kumponda aliyesimama hapo. Hapana budi kulijaribu: breki ya mkono ivutwe, breki ya mguu ikanyagwe kwa nguvu, mbele na nyuma pasiwe na mtu, kisha ufunguo uzungushwe mkono wa gia ukiwa kwenye R, halafu D. Stata ikizunguka hata mara moja, swichi irekebishwe kabla gari halijatoka uani.

Nyaya zote na zipitishwe mahali pake pa zamani, mbali na bomba la moshi na shafti zinazozunguka. Itazamwe pia kama hakuna waya uliobanwa kati ya injini na giaboksi. Kosa hili hutokea mara nyingi, na waya uliobanwa huunguza fyuzi. Picha iliyopigwa kwa simu kabla ya kufungua chochote husaidia kuliko kumbukumbu.

Betri huungwa mwisho, chanya kwanza na hasi baadaye. Magari kadhaa ya zamani ya Kiingereza yalifungwa kinyume, na kwa hayo waya unaokwenda kwenye bodi ndio wa mwisho, hata ukiwa chanya. Sababu ni kwamba spana ikigusa bodi wakati wa kukaza waya wa kwanza, njia ya umeme bado haijakamilika na cheche hazitatoka.