Mlima uliozikwa bondeni

Kilimanjaro na Mlima Kenya ni milima ya volkano. Uji wa moto ulipanda kutoka chini ya ardhi, ukamwagika na kuganda tabaka juu ya tabaka hadi vilele vikafikia mawingu. Rwenzori, inayoshika nafasi ya tatu kwa urefu barani Afrika, haikuzaliwa hivyo. Kilele chake cha Margherita, chenye mita 5,109, ni sehemu ya mwamba wa kale wa bara hili, wenye umri unaozidi miaka bilioni moja, ulioinuliwa wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipanuka katika eneo ambalo leo ni mpaka wa Uganda na Kongo.

Wageni huja kutazama theluji ya vileleni. Lakini anayetaka kujua milima hii ilipandaje, lini na kwa kasi gani, hana budi kuteremka. Juu kule kila mvua inafuta ushahidi. Ushahidi wenyewe umelala chini, kwenye tope, mchanga na changarawe za Ziwa Albert na nyanda za Mto Semliki.

Kinachopanda na kinachozama

Bara linapovutwa pande mbili, ganda lake hupasuka. Vipande vingine huzama na kuwa mabonde, vingine hubaki juu au huinuka. Rwenzori ni bonge la mwamba lenye urefu wa takriban kilomita 120, lililobanwa katikati ya mipasuko hiyo. Magharibi yake kuna bonde la Semliki, na upande wa kusini na mashariki yako maziwa Edward na George.

Mlima ukishainuka, unajitengenezea mvua. Hewa yenye unyevu inalazimika kupanda, inapoa, na maji yanashuka: sehemu za juu za Rwenzori hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Barafuto nazo zimekuwa zikisaga mwamba kwa maelfu ya miaka. Kwa kuwa miteremko ni mikali, mito haina muda wa kuzurura. Inabeba mawe, mchanga na tope na kuvitua mara tu inapofika tambarare.

Hapo ndipo mlima na bonde vinapoanza kusaidiana. Jahazi likishushwa shehena huelea juu zaidi, na likipakiwa huzama. Ganda la dunia nalo limekaa juu ya miamba ya kina inayokubali kusogea polepole mno. Mto unapopunguza uzito wa mlima, mlima unapata nafasi ya kupanda tena. Mzigo uleule unapolundikana bondeni, bonde linazidi kudidimia na kutoa nafasi ya mzigo mwingine.

Matokeo yake yanaonekana Ziwa Albert. Maji yake yana kina kisichozidi mita 58, wakati Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mkono uleule wa Bonde la Ufa, linakaribia mita 1,470. Lakini chini ya maji hayo machache kuna mashapo yenye unene unaokaribia kilomita 5, yaliyoletwa na mito ya kingo za bonde na ya Rwenzori yenyewe. Ukipima kutoka kilele cha Margherita hadi sakafu ya mwamba iliyofunikwa na mashapo hayo, unapata tofauti ya takriban kilomita 9.

Mchanga unavyosomwa

Katika makorongo ya eneo la Semliki, mvua imekata ardhi na kuacha tabaka wazi ukutani. Chota mchanga kiganjani uuangalie kwenye jua. Vipande vya ulanga vinametameta na punje za kwazi zinang'aa kama zilivyotoka kwenye mwamba. Punje kubwa zenye ncha hazijasafiri mbali. Zilizoviringana zimesuguana njia nzima. Tope laini lililopangika linasema hapa palikuwa na maji matulivu, mbali na mdomo wa mto. Kadiri unavyopanda tabaka, tope likipisha mchanga na mchanga ukipisha changarawe, kuna uwezekano mkubwa kwamba mlima ulikuwa unainuka jirani. Majivu ya volkano yaliyonaswa katikati ya tabaka huwezesha kupima umri wake.

Kwa usomaji huo, baadhi ya watafiti wamependekeza kwamba hapa palikuwa na ziwa moja kubwa, walilolipa jina la Obweruka, na kwamba kuinuka kwa Rwenzori takriban miaka milioni 2.5 iliyopita kulichangia kuligawa, yakabaki maziwa Albert na Edward tunayoyajua.

Tope la maziwa hayo ya kale lilizika mwani mwingi. Lilipofukiwa na mashapo mapya lilipata joto, na mwani ukageuka mafuta yaliyohamia kwenye tabaka za mchanga. Mjiolojia E. J. Wayland aliandika habari za mafuta yanayovuja juu ya ardhi huko tangu miaka ya 1920. Kisima cha kina kilichimbwa Butiaba mwaka 1938, na mwaka 2006 Uganda ikathibitisha kwamba kuna akiba ya kibiashara. Mafuta yatokanayo na mwani wa ziwani yana nta nyingi, huganda yakipoa. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima.

Kazi hii haijasimama

Mei 2013 Mto Nyamwamba, unaoteremka kutoka Rwenzori, ulifurika na kushusha mawe makubwa hadi mji wa Kasese. Mei 2020 ukafurika tena, ukaharibu hospitali ya Kilembe na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Njiani mto huo unapita kwenye malundo ya taka za mgodi wa zamani wa shaba wa Kilembe na kuyamega.

Ukataji wa misitu na uchomaji wa miteremko huzidisha maafa, na hilo lazima likomeshwe. Hata hivyo tusijidanganye kwamba miti peke yake itautuliza mto huu. Uwanda ambao watu wanalima na kujenga uliwekwa pale na mafuriko ya aina hiyohiyo. Anayechimba msingi wa nyumba akakuta mawe ya mviringo ameshapata jibu: mto uliwahi kupita hapo, na una sababu zote za kurudi. Jibu hilo linapaswa kuingia kwenye ramani za mipango miji kabla ya kiwanja kuuzwa. Shule na hospitali zijengwe nje ya njia ya mawe, taka za mgodi ziondolewe kando ya mto, na wanajiolojia wa Uganda na Kongo wasikilizwe wakati wa kiangazi, kabla maji hayajafika milangoni. Mlima utaendelea kupanda na kumomonyoka. Pa kujenga tunapachagua wenyewe.