Utawa wa Mshairi: Abu al-Ala al-Maarri na Jela Zake Mbili

Katika Kiswahili cha pwani, kutawa ni kukaa ndani bila kuonekana na watu, na binti aliyetawishwa alikuwa binti aliyewekwa nyumbani hadi siku ya kuolewa kwake. Neno hilohilo ndilo walilolichukua Wakristo kuwaita watawa wale walioweka nadhiri. Lugha yenyewe, basi, imekwisha kuunganisha kutoonekana na kumcha Mungu. Je, mtu anayejitenga na jamii akabaki na ushairi wake, naye aitwe mtawa? Maisha ya Abu al-Ala al-Maarri, mshairi wa Kiarabu wa nchi ya Shamu, hayaruhusu jibu jepesi.

Alizaliwa mwaka 973 katika mji wa Maarrat al-Numan, kusini ya Halab, na ndui ilimpofusha akiwa na umri wa miaka minne hivi. Alisoma kwa kusikia na kuhifadhi. Akiwa mshairi mwenye sifa alikwenda Baghdad, lakini hakukaa hata miaka miwili. Mwaka 1010 alirudi kwao, na kabla hajafika mama yake akafariki. Aliwaandikia watu wa mji wake barua kuwaarifu kwamba amekata shauri la kujitenga nao. Tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 1057 hakutoka tena ila kwa nadra, akajiita mfungwa wa jela mbili, yaani upofu na nyumba. Hakuoa. Hakula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali.

Kwa sura ya nje, huu ni utawa kamili. Nchi ile ilikuwa imezoea watu wa namna hiyo: si mbali na Halab, katika karne ya 5, Mtakatifu Simeoni aliishi juu ya nguzo kwa miaka zaidi ya 30. Uislamu nao una itikafu, ambayo ina siku zake na mahali pake, yaani msikitini, na masufi wana khalwa, ambayo mtu huiingia ili atoke amebadilika. Al-Ghazali, aliyeacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, alirudi darasani mwaka 1106. Khalwa ina mlango wa kutokea. Ile ya al-Maarri haikuwa nao. Wala hakuahidi kwamba ndani yake angemwona Mungu. Katika mashairi yake anamkiri Muumba, lakini anawashambulia viongozi wa dini zote bila kuchagua, na akili ndiyo anayoifanya imamu wake. Alichukua nidhamu ya mtawa, akaiacha tumaini lake.

Nidhamu hiyo inaonekana hata katika vina. Diwani yake kubwa ya miaka ya kujitenga, Luzumiyyat, ina jina linalodokeza kujilazimisha lisilolazimu. Kanuni ya Kiarabu ilidai konsonanti moja ya kina. Yeye akaongeza ya pili, na kupitia herufi zote za alfabeti. Ni kana kwamba mtunzi wa Kiswahili, ambaye silabi moja ya kina yamtosha, angejifunga kwa silabi mbili katika diwani nzima. Nadhiri ya mtawa na sharti la mtunzi hapa vinafanana kweli kweli, kuliko hata chakula chake.

Lakini upweke wake ulijaa watu. Nasir-i Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyepita mjini humo mwaka 1047, aliandika kwamba watu zaidi ya 200 walikuwa wamekuja kusoma kwake, na kwamba mzee huyo alikuwa tajiri ingawa alivaa nguo ya kukwaruza na kula mkate wa shayiri. Habari ya utajiri yafaa kupokewa kwa tahadhari. Karibu na mwisho wa maisha yake, al-Muayyad al-Shirazi, mhubiri mkuu wa Wafatimi wa Misri, alimwandikia akitaka sababu ya kuacha nyama. Mshairi alijibu kwa kutaja huruma kwa wanyama, kisha akataja uchache wa kipato chake cha mwaka, ambacho sehemu yake ilikwenda kwa mtumishi. Al-Muayyad akajitolea kumtafutia ruzuku ili aweze kula vizuri. Al-Maarri hakuikubali.