Nasaba ya Chaplin yasomwa Mautuma

Mzee alihesabu kwa vidole. Alianza na jina lake, akapanda kwa baba, akapanda kwa babu, hata akafika kwa babu wa tisa bila ya kukwama mahali. Kisha akanigeukia akauliza, "Na nyinyi watu wa pwani, mkwe, mwafika wangapi?"

Tulikuwa Mautuma, kaskazini ya Kakamega, upande wa Lugari, ambako mpwa wangu ameoa. Wenyeji wake ni Waislamu ambao asili yao ni Mumias, mji ambao misafara ya pwani ilikuwa ikipumzika tangu zama za Nabongo Mumia. Ardhi ya Mautuma ni nzuri, mahindi yake hayana mfano. Lakini wengi wanaoilima hawana kaburi la babu hapo. Zamani yote ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na ilipokuja miaka ya 1960 mashamba hayo yakakatwa vipande na kugawiwa Waafrika waliotoka sehemu mbali mbali za Uluhya. Kwa hiyo kila mtu amekuja na nasaba yake kichwani, kama alivyokuja na jembe lake begani.

Nilimjibu mzee kwamba nyumbani kwetu tunayo shajara iliyotiwa kwenye fremu, imetundikwa ukutani sebuleni. Sikumwambia zaidi. Nitalirudia jambo hilo.

Hapo kijana mmoja aliyekuwa akimimina chai akadakia: hawa Wazungu waliokuwa wakimiliki mashamba haya, wao mababu zao ni kina nani? Mzee akacheka. "Hao wote ni watoto wa mabwana," akasema. "Umepata kuona Mzungu maskini?" Naye alijua asemalo, kwa kuwa utotoni mwake alichunga ng'ombe wa mmoja wao.

Nikamwuliza kama aliwahi kuona sinema wakati huo. Akasema gari la sinema lilikuja shambani mara mbili, shuka jeupe likafungwa baina ya miti, na akaonyeshwa kijitu chenye masharubu mafupi, suruali pana, viatu vikubwa na bakora, kikianguka na kuinuka. Watu walicheka hata wakalia. Alikuwa amelisahau jina lake. Nikamwambia: huyo ni Charles Chaplin, na huyo ndiye Mzungu maskini unayemtaka.

Wasomaji wengi wanayo habari ya Chaplin aliyekuwa tajiri wa Marekani, akapewa cheo cha "Sir" na Malkia wa Uingereza mwaka 1975, akafariki Uswisi siku ya Krismasi mwaka 1977. Habari ya ukoo wake ni nyingine kabisa, na imepatikana kwa njia ambayo sisi hatuna mazoea nayo. Waingereza wa tabaka la wafanya kazi hawana desturi ya kusoma mababu kwa vidole kama mzee wa Mautuma, wala hawana shajara ukutani kama masharifu wa Lamu. Wao nasaba yao imo katika daftari za serikali. Tangu mwaka 1538 makanisa yaliamrishwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Tarehe 1 Julai 1837 serikali ikaanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Na kuanzia 1841 kila baada ya miaka kumi karani alipita akaandika jina la kila mtu aliyelala ndani ya kila nyumba, na umri wake na kazi yake. Karatasi hizo za hesabu ya watu hufungwa miaka mia moja, kisha hufunguliwa kwa yeyote. Za mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Za 1931 ziliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanywa kwa sababu ya vita, basi hapo kuna pengo ambalo halizibiki.

Ukishika daftari hizo, watu husimama mbele yako. Cheti cha ndoa kinakutajia baba wa bwana arusi na baba wa bibi arusi na kazi zao. Asiyejua kuandika ametia alama ya msalaba mahali pa sahihi. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, pahali pa jina la baba pameachwa wazi, mstari mtupu.

Mstari huo mtupu ndio unaofungua habari ya Chaplin. Mama yake aliitwa Hannah Hill, binti wa fundi viatu wa kusini ya London, aliyetaka kuwa mwimbaji wa majukwaani. Machi 1885 Hannah alizaa mtoto wa kiume, Sydney, akaandikwa kwa jina la mama. Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Juni, akaolewa na mwimbaji Charles Chaplin, baba yake huyu mchekeshaji. Charles mdogo alizaliwa Aprili 1889. Mwaka 1892 Hannah akazaa mtoto mwingine na mwimbaji mwingine, Leo Dryden, na mtoto huyo akachukuliwa na baba yake angali mchanga. Mume alikwisha kwenda zake, na pombe ilikuwa imemshika. Mwaka 1893 mama yake Hannah naye alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hannah sauti ikamharibika, kazi ikamtoka, akabaki na cherehani na watoto wawili.

Hapa daftari za baraza la maskini zinaanza kusema. Mwisho wa Mei 1896 Hannah na wanawe wanaandikwa kuingia nyumba ya maskini. Nyumba hizo, msomaji, hazikuwa kama nyumba za wakfu tunazozijua. Aliyeingia alivuliwa nguo zake akavishwa za nyumba, akafanyizwa kazi kwa chakula chake, na mume, mke na watoto wakatenganishwa. Zilifanywa ngumu kwa makusudi, ili mtu aone haya kuzikimbilia. Baada ya siku chache tu, tarehe 18 Juni, watoto wakapelekwa shule ya mafukara huko Hanwell, nje ya mji. Charles alikuwa na umri wa miaka saba. Alikaa huko hata Januari 1898. Wakati wote huo wakubwa wa baraza walikuwa wakimwandama baba awalipie wanawe, naye akiwakwepa.

Julai 1898 wakarudi tena nyumba ya maskini. Na mwezi uliofuata kuna maandishi ya ajabu: siku moja Hannah anaondoka na wanawe, na siku ile ile wanaandikwa kuingia tena. Mtu akisoma peke yake atadhani karani amekosea. Lakini Chaplin mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1964, aliyaeleza. Mama aliwatamani wanawe, na sheria haikumruhusu kuwaona hivi hivi. Akaomba kutoka yeye na watoto, kana kwamba amepata pa kukaa. Wakarejeshewa nguo zao zilizokunjamana, wakaenda bustani ya Kennington. Sydney alikuwa na peni tisa alizoficha. Wakanunua matunda, wakaketi kwenye benchi wakala, wakachezea mpira wa gazeti lililofungwa kamba. Jioni wakarudi mlangoni, na makarani wakakasirika kwa kazi ya kuwaandika upya.

Nilipofika hapo mzee aliweka kikombe chini. Alinyamaza kitambo.

Mwezi uliofuata, Septemba 1898, Hannah akaandikwa kuingia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Cane Hill. Akatoka, na mwaka 1903 akaingia tena, na safari hiyo aliyemshika mkono kumpeleka kwa madaktari ni Charles, mwenye miaka 14, kwa maana Sydney alikuwa baharini. Baba alikwisha kufa tangu Mei 1901, hajafika miaka arobaini, kwa ajili ya pombe. Katika karatasi za hospitali waandishi wengine wamesoma jina la maradhi ya Hannah na wakalitangaza vitabuni. Mimi sitaliandika hapa. Halizidishi kitu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba katika karatasi zote hizo, ile iliyo rahisi kabisa haipo. Mwaka 1952 Chaplin alipokuwa baharini akielekea Uingereza, serikali ya Marekani ilimfutia ruhusa ya kurudi kwa kumshuku siasa yake. Wapelelezi wa Marekani wakawaomba wenzao wa London wamtafutie asili. Hao wakaenda Somerset House, zilipokuwa zikiwekwa daftari za vizazi, wakapekua, na hawakuona cheti cha mtu aliyejulikana dunia nzima. Faili lenyewe lilifunguliwa kwa watu mwaka 2012. Siku hizo za 1889 sheria ilikwisha kulazimisha kuandikisha, lakini wapo maskini wasioandikisha. Kilichopo ni tangazo dogo la kuzaliwa kwake katika gazeti la waimbaji la Mei 1889. Na baada ya Chaplin kufariki, droo moja ya meza yake iliyokuwa imefungwa kwa ufunguo ilifunguliwa ikakutwa barua ya mzee mmoja aliyemwandikia kwamba alizaliwa katika gari la Waroma, wale watu wa kuhamahama, huko Smethwick karibu na Birmingham. Hapana aliyethibitisha. Lakini yeye aliificha barua ile akaifungia, wala hakuitupa.

"Basi mama yake," akasema mzee, "wazimu wake umeandikwa, na mtu yeyote anausoma?"

Nikasema ndiyo.

"Kwetu hayo hayasemwi."

Nikamjibu kwamba hata kwetu hayasemwi. Dini inatuhimiza kuunga udugu, na mtu hawezi kuunga asiowajua. Na dini hiyo hiyo inatuhimiza kusitiriana. Mwenye kufukua nasaba husimama katikati ya haya mawili. Kwa rai yangu Chaplin alipata njia: aliitaja shida ya mama yake kwa mapenzi, yeye mwenyewe, kabla ya wengine kuitaja kwa udaku. Mwaka 1921 alimpeleka California akamtunza hata alipofariki mwaka 1928. Na sehemu ya ile nyumba ya maskini ya Lambeth leo ni makumbusho ya sinema.

Sasa narudi kwenye shajara yetu. Ni nzuri, ina wino mweusi na mwekundu, na wote walioandikwa ni wanaume. Bibi mzaa babu yangu hayumo. Utotoni tulikuwa tukiambiwa kwamba "alikuja kutoka bara", na mazungumzo yakageuzwa. Kila mtu wa mwambao anajua maana ya maneno hayo. Utumwa ulipofutwa kisheria huku kwetu mwaka 1907, mabwana walidai fidia serikalini, na madai huandikwa. Nimepita mara nyingi mbele ya Hifadhi ya Nyaraka pale Nairobi, jengo kubwa lililokuwa benki, na kila mara najiambia nina haraka.

Niliporudi kutoka Mautuma nilikwenda kwa shangazi yangu, naye ni mkongwe sasa. Nikamsimulia habari ya Hannah na matunda ya bustanini. Alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nikamwuliza juu ya bibi yule. Alitazama mlango kama umefungwa, akanitajia jina, na jina la nchi alikotekwa, na wimbo aliokuwa akiwabembelezea watoto kwa lugha ambayo hapana aliyeielewa.

Nikatoa kalamu. Akanishika mkono, akaniambia niandike kwa penseli.