Mahojiano Funge au Mahojiano Huru: Funzo la Kiwanda cha Hawthorne

Katika utafiti wa kimaelezo, yaani ule unaochunguza maana ambazo watu huyapa maisha yao badala ya kuhesabu tu ni wangapi wanaofanya jambo fulani, mahojiano hutofautishwa kwa kadiri ya uhuru anaopewa mhojiwa. Mahojiano funge huendeshwa kwa maswali yaliyoandaliwa mapema, ambayo kila mhojiwa huulizwa kwa maneno yale yale na kwa mfuatano ule ule, ilhali mahojiano huru huanza na mada pana tu, na kila swali linalofuata huzaliwa na jibu lililotangulia. Watafiti wengi huchagua kwa kutazama muda na fedha walizo nazo, ingawa linalopaswa kuamua kwanza ni iwapo mtafiti anajua tayari maswali yanayostahili kuulizwa.

Hilo lilidhihirika katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago nchini Marekani, ambako kampuni ya Western Electric ilitengeneza vifaa vya simu. Mwaka 1928 kampuni hiyo ilianza kuwahoji wafanyakazi wake kwa maswali yaliyohusu usimamizi, mazingira ya kazi na kazi yenyewe. Haikuchukua muda wahoji wakaona kwamba wafanyakazi hawakutulia ndani ya mipaka hiyo, kwani kila waliporudishwa kwenye swali walijibu kwa ufupi, kisha wakalirejea jambo lililowakaa moyoni. Mwaka 1929 utaratibu ukageuzwa: mhoji akatakiwa asikilize, asibishane wala asitoe ushauri, na amwachie mfanyakazi achague mada. Mahojiano yaliyokuwa yakichukua takriban nusu saa yakarefuka kupita saa moja, na kufikia mwaka 1930 wafanyakazi wapatao 21,000 walikuwa wamehojiwa.

Elton Mayo, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyehusika na uchunguzi huo, alieleza habari za mfanyakazi mmoja wa kike ambaye, katika kuzungumza, alitambua kwamba alimchukia msimamizi wake kwa sababu tu alimwona amefanana na baba yake wa kambo. Ni vigumu kufikiria hojaji, hata iliyotungwa kwa uangalifu kiasi gani, ambayo ingekuwa na swali kuhusu baba wa kambo.

Hata hivyo, uhuru huo una gharama. Mhojiwa asipotaja mshahara katika mahojiano huru, haijulikani kama ameridhika nao au hakuukumbuka tu, na kwa hiyo kumlinganisha na mwenzake aliyeulalamikia ni kubahatisha. Isitoshe, mfanyakazi anayehojiwa na mtu aliyetumwa na mwajiri (jambo ambalo wasifiaji wa Hawthorne hulipita haraka mno) huwa na sababu ya kuchunga ulimi, hata akiachiwa mada zote za dunia. Pale ambapo wahoji ni wengi, au majibu ya wilaya mbili yanahitaji kupimanishwa, mahojiano funge ndiyo yanayofaa.

Kati ya hayo mawili kuna mahojiano nusu-funge, yanayotumia mwongozo wa mada ambazo lazima ziguswe, lakini mfuatano na maneno vikiachwa kwa mhoji. Mwongozo huo huwa bora zaidi unapotungwa baada ya mahojiano huru machache ya awali, kwa kuwa mada zake hutokana na yale ambayo wahojiwa wenyewe wameyataja.