Utumbo Mrefu, Choo Kigumu na Haya Isiyo Mahali Pake

Twapenda juma hili kuzungumza jambo ambalo kinamama wengi wa mitaa yetu wanalo na wachache mno hulitaja. Swali lake hutufikia baada ya darsa hapa Bombolulu kwa karatasi iliyokunjwa mara nne, au kwa mtoto aliyetumwa, au kwa kupitia watu wa nyumbani kwetu. Mtu hukaa siku nne, siku tano, hata juma zima asipate choo. Tumbo limejaa, hamu ya chakula imekwisha, na anapokwenda msalani hutoka na machozi.

Haya ni katika imani, hilo halina mjadala. Lakini Bibi Aisha, Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kianswari kwa sababu haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, na miongoni mwa waliyokuwa wakiuliza mna mambo mazito kuliko haja kubwa. Na kitabu kidogo cha Safinatun-Naja, ambacho watoto wetu hukianza madrasani kabla hata ya kubadilisha meno yote, hakifiki mbali kabla ya kueleza masharti ya kustanji. Basi ikiwa mtoto wa miaka minane husomeshwa mambo hayo kwa sauti, yampasaje mamake kuyanong'ona?

Mama mmoja wa mtaa wetu, mwenye watoto wanne, ametupa ruhusa tueleze habari yake pasi na kumtaja. Tangu usichana wake amekuwa mtu wa kufunga choo. Miaka yote aliambiwa ni mchango, kwa kuwa pwani yetu kila maumivu ya tumbo la mwanamke huitwa mchango, akanyweshwa mizizi ya kila namna. Hatimaye alipigwa picha katika hospitali moja, akaambiwa kwa maneno machache, tena akiwa amesimama mlangoni, kwamba utumbo wake ni mrefu na umejikunja. Hakuelezwa zaidi. Alirudi nyumbani akiamini mambo mawili: kwamba atapasuliwa, na kwamba ametupiwa kitu. Wiki mbili hakulala vizuri. Tulipomsikiliza tuliona kwamba yale aliyoyadhani yalimtesa kuliko ule utumbo wenyewe, na ndiyo sababu ya makala haya.

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa mita moja na nusu hivi. Kazi yake kubwa ni kufyonza maji kutoka katika mabaki ya chakula na kuyasukuma kuelekea nje. Kwa baadhi ya watu, hasa ile sehemu ya mwisho iliyo upande wa kushoto chini ya kitovu, utumbo huo huwa mrefu kuliko nafasi yake, ukajirudi na kujipanga mizunguko kama mpira wa maji uliotupwa uani. Aghalabu mtu huzaliwa nao hivyo. Wanawake, ijapokuwa ni wafupi wa kimo kuliko wanaume, kwa wastani utumbo wao huu ni mrefu zaidi. Wengi wenye umbile hili huishi na kuzeeka bila kujua kwamba wanalo, na madaktari hulikuta kwa bahati wanapotafuta jambo jingine. Si kila mwenye utumbo mrefu hufunga choo, wala si kila afungaye choo ana utumbo mrefu. Ila panapokutana njia ndefu na mwendo wa pole, mabaki hukaa sana njiani, maji hufyonzwa kupita kiasi, na kinachobaki huwa kama kokoto.

Kwa hivyo si sihiri wala husuda. Ni umbile, kama vile mmoja alivyo na vidole virefu na mwingine vifupi. Wala kwa umbile hilo peke yake mtu hapasuliwi. Upasuaji wa kukata sehemu ya utumbo huwa kwa wachache ambao dawa na mashauri yameshindikana kabisa, au kwa wale ambao utumbo wao umejipinda, na hilo tutalifikia. Ama kombe na ruqya, hatumkatazi mtu kuomba shifaa kwa maneno ya Mola wake. Tunalokataa ni kombe kuwekwa mahali pa daktari, na tunakataa zaidi yule anayeuza kombe kwa bei ya dawa na kumtaja jirani kuwa ndiye mchawi. Nyumba ngapi zimevunjika kwa fitina ya namna hiyo!

Twende sasa kwenye chakula. Daktari mpasuaji wa Ireland, Denis Burkitt, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na kisha kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamjua zaidi kwa uvimbe wa saratani ya watoto unaoitwa kwa jina lake, lakini jambo jingine lilimshughulisha hadi mwisho wa umri wake: kwa nini maradhi ya utumbo aliyoyazoea kwao Ulaya, hakuyaona kwa wanakijiji wa Afrika Mashariki? Mwaka 1972 yeye na wenzake Walker na Painter walichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya muda ambao chakula huchukua tangu kuingia hadi kutoka. Kwa wanakijiji wa Uganda waliopimwa, wastani ulikuwa kama saa 36, na uzito wa choo cha siku ulikuwa gramu 470. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, saa 83 na gramu 104. Tofauti aliyoiona ilikuwa katika sahani: huku vyakula visivyokobolewa na mboga kwa wingi, kule mkate mweupe na sukari.

Leo hatuna haja ya kwenda Uingereza kuwaona wenye saa 83. Tazama sahani ya Bombolulu. Asubuhi ni mahamri au chapati ya unga mweupe na chai ya maziwa, mchana wali, jioni viazi karai au chipsi za kufungwa karatasini. Mbaazi za nazi zingalipo, na hizo ni neema, lakini siku hizi mtu hula mahamri matatu kwa kijiko cha mbaazi, ilhali wazee wetu walifanya kinyume chake. Mkate wa mofa wa unga wa mtama umekuwa kitu cha kusimuliwa. Soko la Kongowea liko mwendo mfupi kwa tuktuk, limejaa kunde, maharagwe, mchicha, mabamia, mapapai, maembe na ukwaju. Vitu hivi havimshindi mwenye kipato kidogo, na kisamvu cha nazi hakina daraja ya chini kuliko soda.

Isifahamike, hata hivyo, kwamba makapi ya chakula ni dawa ya kila mtu. Mwenye utumbo mrefu na mzito sana akijaza tumbo maharagwe siku ya kwanza, atavimba gesi na kujuta. Aongeze kidogo kidogo kwa majuma, na kila anapoongeza aongeze na maji, kwa maana makapi bila maji huzidisha kuziba.

Na hapo kwenye maji ndipo penye uzito wa jambo hili. Wengi wa wasomaji wetu hawaishi katika nyumba zenye mabomba yanayotoka kutwa. Wanaishi katika nyumba za vyumba sita au vinane, ukumbi mmoja katikati na choo kimoja uani. Maji ya kisima yana chumvi, ya kunywa hununuliwa kwa mtungi kutoka mkokotenini. Mama anayehesabu mitungi hunywa wa mwisho. Kisha asubuhi, wakati ambao mwili wenyewe humuita, mlangoni kuna foleni ya wapangaji, miongoni mwao wanaume si maharimu zake. Hurudi chumbani akazuia. Adhuhuri hamu imeondoka. Usiku huogopa kutoka uani peke yake. Akifanya hivyo miaka kumi, mwili huacha kumuita kabisa, kwa kuwa utumbo ukipuuzwa huzoea kupuuzwa. Tumewasikia waume wakilalamika kwamba wake zao ni wagonjwa daima, nao hawajapata kufikiri hata siku moja ni nani anayetangulia kuingia chooni alfajiri. Mume amtangulize mkewe. Mwenye nyumba naye anayepokea kodi ya vyumba vinane kwa choo kimoja, na mlango wenyewe hauna komeo, ajue kwamba haki ya jirani na mpangaji haiishii kwenye risiti.

Wakati ulio bora ni baada ya swala ya alfajiri na kufungua kinywa, kwa maana chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka. Mtu akae dakika chache bila kujikamua. Kuchutama, kama walivyozoea wazee wetu, hunyoosha njia ya mwisho. Aliye na choo cha kukalia aweke kibago chini ya miguu, magoti yapande. Kutembea nako husaidia. Hapa kwetu, palipo na karakana za watu wenye ulemavu tangu mwaka 1969, majirani zetu wa viti vya magurudumu wanajua vizuri kuliko sisi kwamba mwili usiotembea nao utumbo wake hausogei, na wao wahitaji mpango maalumu wa daktari.

Ama dawa, kinamama wetu hukimbilia sanamaki na mafuta ya mbarika. Sanamaki ni dawa ya kweli, na ipo hata katika vidonge vya hospitali. Ubaya ni kuichemsha kwa kukadiria na kuinywa kali kila juma, hata tumbo likasokota na mwili ukapoteza maji na chumvi zake. Mja mzito asiguse mbarika. Zipo dawa zinazovuta maji ndani ya utumbo na kulainisha choo bila kuuchapa utumbo, kama vile laktulosi, na mara nyingi daktari huanza na hizo. Amueleze pia dawa zote anazotumia. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki hufunga choo; mja mzito asiviache, bali amwambie muuguzi. Dawa kali za maumivu hufunga vilevile. Na tezi ya shingoni ikilegea, utumbo hulegea nao, jambo ambalo kipimo cha damu hulionyesha.

Sasa tufikie lile tuliloliahidi. Utumbo mrefu unaweza kujipinda kwenye shina lake, kama mfuko uliosokotwa mdomo. Madaktari wapasuaji wa Uganda, Kenya na Ethiopia wanaujua vizuri ugonjwa huu, kwani eneo letu ni miongoni mwa maeneo ya dunia unakoonekana sana, na chakula chenye makapi mengi hakiufupishi utumbo uliokwisha kurefuka. Aghalabu huwapata wanaume, lakini ni katika sababu kubwa za kuziba utumbo kwa wanawake wajawazito, ambao maumivu yao hudhaniwa kuwa uchungu. Dalili zake ni hizi: tumbo huvimba na kukaza kama ngoma, maumivu huja kwa mawimbi, choo hakitoki wala upepo hautoki, na baadaye kutapika. Hapo hapana sanamaki, hapana kombe, hapana kungoja asubuhi. Mgonjwa asipewe chochote kinywani, apelekwe hospitali yenye daktari mpasuaji, kama ile kuu ya rufaa ya Pwani kule kisiwani, usiku huo huo. Akifika mapema, mara nyingi huweza kupitishwa mpira kwa njia ya nyuma, utumbo ukajikunjua, kisha upasuaji ukapangwa kwa utulivu ili usirudie. Akichelewa, sehemu ile hukosa damu na kufa, na roho huwa hatarini.

Damu katika choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, au kufunga choo kulikoanza ghafla kwa mtu wa makamo, hayo nayo ni ya kuonyeshwa daktari bila kuchelewa. Tusiyaite yote bawasiri.

Yabaki maswali ya ibada, ambayo ndiyo hasa tuliyoulizwa. Kuswali hali mtu anazuia haja ni karaha, kwa kuwa moyo hauko swalani. Maadamu wakati una nafasi, akidhi haja yake kwanza, hata kama jamaa itampita. Mwenye kutokwa na upepo mfululizo, asipate katika wakati wa swala kipindi cha kutosha kutawadha na kuswali, huyo ni mwenye udhuru: atawadhe baada ya wakati kuingia, aswali faridha yake papo hapo, na kinachomtoka katikati hakimdhuru. Ama anayeshuku tu kwamba kimemtoka kitu kwa sababu tumbo linanguruma, huyo yuko katika udhu wake, na shaka haiondoi yakini.

Kuhusu saumu, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi dawa inayotiwa kwa njia ya nyuma, iwe maji au kidonge, hufunguza, ijapokuwa Ibn Taymiyya alikuwa na rai nyingine. Basi mwenye kuihitaji aitumie usiku. Akilazimika mchana kwa sababu ya hali ya hatari, aitumie, na siku hiyo atailipa. Vidonge vya sanamaki vya kunywa huchukua kama saa sita hadi kumi na mbili kufanya kazi: aliyepangiwa na daktari akivimeza saa tatu usiku, baada ya futari na maji ya kutosha, aghalabu haja yake humjia kati ya daku na asubuhi, wakati ambao uani hakuna foleni ndefu.