Kumbukumbu za shamba lako zipo kwenye hadi diski moja tu? Soma hapa

Leo tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, tuongelee kitu kilichoniumiza mimi mwenyewe.

Kijana mmoja wa kata yangu, mfugaji wa kuku wa mayai, alikuwa anaomba mkopo wa kuongeza banda. Benki ikataka kumbukumbu za miaka 2: mayai ya kila siku, chakula, vifo, mauzo. Hakuwa na wasiwasi, maana nilikuwa namtunzia mimi. Kila mwisho wa mwezi alileta daftari, naingiza kwenye kompyuta, halafu nahamishia kwenye hadi diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa kebo. Siku ya siku nikaichomeka. Ikalia tik, tik, tik, basi. Fundi wa kwanza akatikisa kichwa, wa pili naye vilevile.

Kosa langu ni kwamba nilihamisha, sikunakili. Kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta kule nikabakiza huku, nikajiambia nina bakapu. Bakapu gani? Faili likiwa sehemu moja tu, hata kama sehemu hiyo ni diski ya bei mbaya, huna bakapu.

Tusizionee hizi diski lakini. Backblaze, kampuni ya Marekani inayotunza data za watu, huchapisha takwimu za diski zake. Mwaka 2023 zilizokufa zilikuwa kama 14 katika kila 1,000. Si nyingi. Ila zile zimetulia kwenye vyumba vyenye ubaridi. Yako inapanda bodaboda. Ndani kuna sahani zinazozunguka, mara nyingi 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikidondoka huku inazunguka, kichwa kinaweza kukwangua sahani. Za SSD hazina kinachozunguka, zinavumilia mtikisiko, ila nazo hufa, tena mara nyingi bila hata kulia. Na mwizi habagui.

Sasa fanya hivi: kuwa na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na 1 ikae mbali na nyumbani. Kwa mfano kompyuta, hadi diski, halafu Google Drive, ambako akaunti ya bure inakupa GB 15. Majedwali ya mayai ya miaka mingi hayawezi kuzijaza. Picha na video ndizo zinazokula nafasi. Kama bando linakusumbua, nakala ya tatu iweke kwenye flashi, iache kwa dada yako mjini. Ukimaliza kunakili, chomoa diski (kwanza itoe kwa utaratibu kwenye kompyuta, usinyofoe tu). Ikiachwa imechomekwa, umeme ukirudi kwa nguvu au virusi vikiingia, vyote viwili vinaondoka pamoja.

Flashi za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya chipsi mayai, achana nazo. Nyingi ni feki: zinapokea mafaili, majina unayaona, ukifungua hamna kitu. Ipo programu ya bure, H2testw, inayopima kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli. Ipime kabla hujaweka kitu, si baada.

Na mara moja kwa mwezi fungua faili mojawapo kutoka kwenye kila nakala, uone kama linasomeka. Hili wengi hatufanyi. Mimi sikuwa nafanya.

Diski ikianza kulia tik tik, izime hapohapo. Usiiwashe tena na tena kwa matumaini, usiifungue kwa bisibisi, na habari za kuiweka kwenye friza achana nazo. Kuokoa data kunahitaji wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya diski mara nyingi.

Yule kijana? Daftari lake la mwanzo lililiwa na panya. Yaliyobaki yalitoa miezi 15, benki ikamwambia arudi zikitimia 24. Kwa hiyo miezi 9 kwa uzembe wangu, na bei ya matofali haimsubiri. Siku hizi kila Jumapili jioni anapiga picha kurasa za wiki na kuzipandisha mwenyewe, kisha ananitumia ujumbe: "Afisa, zimeingia. Fungua uone." Nami nafungua.